Keja Chini ya Mawe: Hivi Ndivyo Samaki wa Trauti Wanatoboa Baridi ya Montana

Kama unadhani kusaka keja Nairobi ni ngori, hujaona trauti wa mito ya Montana, Marekani. Huko msimu wa baridi maji yanaganda, na samaki asiye na maficho anaweza kosa kuona joto likirudi.

Ni hivi. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakishuka chini ya digrii 8 hivi, trauti anapoteza spidi. Kupigana na mkondo kunammaliza, na dishi ni kidogo. Wakati huo fisi maji ana damu moto, ako fiti, na ana njaa.

Kwa hivyo mpango ni mmoja: kujificha. Wadogo hujipenyeza kwenye nafasi kati ya mawe mchana kutwa, giza likiingia ndio wanatoka kudishi. Wakubwa huhamia penye kina kirefu na maji mapole, chini ya magogo yaliyoanguka, ama kwenye mabwawa ya biva, yule mnyama anayekata miti kwa meno. Wasee waliokuwa wanapigania kila kona msimu wa joto sasa wanabanana kama abiria wa mat jioni.

Lakini kuna noma. Usiku wa baridi kali bila mawingu, barafu hushika mawe ya chini kabisa ya mto na kuziba zile nafasi. Ni kama landilodi amekufungia mlango usiku. Itabidi uhame, na nguvu huna.

Cha kushangaza, theluji ikifunika mto inakuwa blanketi, na hiyo barafu ya chini haijengeki. Penye chemichemi pia kuna afueni, juu maji ya ardhini hayapoi haraka.

Sasa sikiza: mara nyingine shida si baridi, ni watu. Mchanga kutoka barabara za wakataji miti huziba nafasi za mawe. Na kwa miaka mingi Wamarekani walitoa magogo mitoni wakidhani ni takataka. Mto ulibaki msafi, lakini bila keja.

Hata sisi tuna trauti. Wazungu waliwaleta mito ya Aberdare tangu 1905. Mito yao haigandi, lakini fisi maji wapo, na maficho ni yale yale. So ukipita Mto Gura uone gogo majini, liache. Kuna msee anaishi hapo.