Umeme na Nyaya katika Ubao wa Pedali za Gita

Pedali za gita ni visanduku vidogo vinavyokanyagwa kwa mguu ili kuibadilisha sauti ya gita la umeme: kuikwaruza, kuitia mwangwi au kuitikisa. Aghalabu mpigaji huzipanga kadhaa juu ya ubao mmoja. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ubao huo unavyopewa umeme, maana hapo ndipo muziki mwingi huharibikia. Mwandishi aliwahi kuwasindikiza wakariri wa mashairi kwa gita, na hadhira ikasikia mlio kama wa mbu ukizifunika beti.

Ikumbukwe kuwa ubao una njia mbili. Njia ya sauti ni ya mfululizo: sauti hutoka gitani, hupita pedali moja baada ya nyingine, hatimaye hufika kwenye amplifaya. Njia ya umeme ni sambamba: kila pedali hupata volti zile zile. Nyingi hutumia volti 9 za mkondo mnyoofu, sawa na betri ndogo ya mstatili. Volti sharti zilingane na zilizoandikwa kwenye pedali. Mkondo, unaopimwa kwa miliampea, una kanuni nyingine: pedali huchota kiasi inachohitaji tu, kwa hivyo adapta yenye uwezo mkubwa haidhuru, ilhali yenye uwezo mdogo huelemewa. Pedali sahili ya kukwaruza kwa kawaida haifikii miliampea 20. Ya kidijitali yaweza kudai 100, hata 300.

Suala la chanya na hasi ndilo lenye mitego. Pedali za Boss, na nyingi nyinginezo, huweka hasi katikati ya plagi. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani huweka chanya. Isitoshe, zipo pedali kongwe zenye mpango wa kinyume kabisa. Fuzz Face, iliyotolewa Uingereza mwaka wa 1966, hapo awali ilitumia transista za jerimani, na chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na kasha. Pedali ya namna hiyo ikilishwa kwa waya mmoja wa matawi pamoja na pedali za kawaida, waya wa sauti huunganisha makasha yao, chanya ikakutana na hasi, na umeme ukapita njia ya mkato. Adapta yaweza kuungua. Dawa ni kuipa betri yake yenyewe.

Waya wa matawi ni rahisi kwa bei, nao hufaa pedali chache za kianalogia. Hata hivyo, pedali ya kidijitali humwaga kelele zake katika umeme ambao wenzake wanautumia pia. Kadhalika, makasha yanayounganishwa kwa waya wa umeme na wa sauti kwa pamoja hufanya mzingo unaonasa mvumo. Chanzo chenye matundu yaliyotengwa, kila tundu na umeme wake, huondoa kasoro zote mbili. Wapo wanaokata waya wa ardhi wa plagi ili kuunyamazisha mvumo. Hao wanahatarisha maisha, kwani nyuzi za gita hushikwa kwa mikono mitupu.

Ama mlio ule wa mbu, ulitokana na pedali moja ya mwangwi. Ilipotengewa adapta yake, beti zilisikika.