Kukitafuta kirusi kwa kovu lake

Muuguzi mmoja wa upande wa Gishubi, mkoani Gitega, alinipigia simu mwishoni mwa mwaka 2024. "Kaka, karatasi imerudi imeandikwa hasi. Lakini huyu mtoto nimemwona kwa macho yangu, vipele mwili mzima. Mama yake yuko nje kwenye benchi. Nimwambie nini?"

Nilimrudishia swali: hasi ya nini?

Sikuwa namzungusha. Watu wamezoea kusema "amepimwa PCR" kana kwamba mashine inammulika mgonjwa na kutaja ugonjwa wake. Haifanyi hivyo. Inatafuta kitu kimoja ilichotumwa, na kisipokuwepo inanyamaza, hata kama kijirija kimejaa vijidudu vya kila namna.

Kazi yenyewe ni kunakili DNA, yaani vinasaba. Mkemia wa Marekani, Kary Mullis, aliibuni njia hii mwaka 1983, na mwaka 1993 ikampa Tuzo ya Nobel. Unatoa DNA kwenye majimaji ya kipele, unaitia kwenye kijirija pamoja na vipande viwili vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani, viitwavyo praima. Hizo praima ndizo zinazomjua anayetafutwa. Zinanasa pande mbili za kipande fulani cha kirusi, herufi kwa herufi. Joto linapanda hadi nyuzijoto 95, kamba mbili za DNA zinaachana. Linashuka hadi karibu 60, praima zinanasa, na kimeng'enya kinajenga kamba mpya. Vimeng'enya vingi vingeiva kama yai kwenye joto hilo. Hiki kilichotumika kilitoka kwa bakteria aitwaye Thermus aquaticus, mkazi wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani.

Kila mzunguko, kilichokuwepo kinakuwa maradufu. Chukua punje moja ya maharage. Baada ya mizunguko 10 una punje 1,024, za kupika chungu kidogo. Baada ya 20 zimepita milioni moja, kama magunia manne ya kilo mia. Baada ya 30 ni zaidi ya bilioni. Mashine hufika mzunguko wa 40 kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ndani ya tone dogo kuliko chozi.

Zamani tulisubiri mwisho, tukafungua kijirija na kupitisha DNA kwenye jeli ili tuone kama kuna kitu. Kufungua huko kulikuwa balaa: nakala bilioni kadhaa zikiruka hewani, sampuli ya kesho inakuwa chanya bila kosa la mgonjwa. PCR ya wakati halisi iliondoa haja ya kufungua. Ndani ya kijirija huwekwa kipande cha tatu chenye rangi inayong'aa kadiri nakala zinavyoongezeka, na kamera inasoma mwanga huo kila mzunguko, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kwenye skrini unaona mstari umelala chali, umelala, kisha ghafla unainuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mzunguko ambao mstari unainuka una maana yake. Ukiinuka mzunguko wa 18, kirusi kilikuwa tele tangu mwanzo. Ukiinuka wa 36, palikuwa na chembe za kuhesabika, au mabaki tu ya kirusi kilichokwisha kufa, maana mashine haijui kutofautisha mzima na maiti. Tofauti ya mizunguko mitatu na kitu ni mara kumi ya kiasi. Nasikitika kuona karatasi nyingi zinamfikia muuguzi zikiwa na neno moja tu, "chanya" au "hasi", na ile namba imebaki kwenye kompyuta ya maabara.

Sasa nirudi kwenye vipele. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza mlipuko wa mpox, ugonjwa ambao wengi walizoea kuuita ndui ya nyani, baada ya maabara ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma (INSP) kuthibitisha wagonjwa watatu. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Kirusi kilichoingia kwetu kilikuwa cha ukoo wa Ib, tawi la ukoo wa I lililogunduliwa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini, ambako wagonjwa walianza kuonekana mwaka 2023.

Ukoo huo uliwatega wataalamu. Kwa miaka mingi kulikuwa na kipimo cha PCR kilichotambua mpox ya ukoo wa I, ule wa Afrika ya Kati, kwa kutafuta kipande kimoja cha jeni iitwayo C3L. Ni sawa na kumtafuta mtu sokoni kwa kovu lake la shavuni. Sampuli za Kamituga zilipopimwa, kipimo cha jumla cha mpox kikasema chanya, hiki cha ukoo wa I kikasema hasi. Mpox ipo, lakini kovu halipo! Vinasaba viliposomwa herufi kwa herufi, jibu likapatikana: kirusi hiki kilikuwa kimepoteza zaidi ya herufi 1,000 mahali pale pale praima zilipozoea kunasa. Maabara iliyotegemea kipimo hicho peke yake ingewarudisha nyumbani wagonjwa wa mpox na karatasi safi mkononi.

Ndiyo maana niliuliza hasi ya nini.

Uwezo huo wa kuchagua kovu ndio unaoifanya mashine ifae kwa mengi. Mashine ya PCR iitwayo GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu mwezi Desemba 2010, hutafuta vinasaba vya kifua kikuu kwenye makohozi na, kwa mara hiyo hiyo, mabadiliko yanayoifanya dawa ya rifampisini ishindwe; jibu hutoka chini ya saa mbili. Mifugo nayo imo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipozuka Burundi mwishoni mwa 2017, vinasaba ndivyo vilivyomtaja mhalifu, ingawa pale kuna hatua moja zaidi: kirusi hicho ni cha RNA, kama cha UVIKO-19, hivyo lazima RNA igeuzwe DNA kwanza.

Lakini kuna swali la pili, na hili ndilo lililomhusu mtoto wa Gishubi. Kijiti cha pamba kiligusa ngozi kweli? Sampuli ilisafiri kwenye baridi? Nimewahi kufungua sanduku nikakuta barafu imekuwa maji ya uvuguvugu na lebo zinaelea. Kwa sababu hiyo vipimo vingi vya mpox hutafuta pia jeni ya binadamu kwenye sampuli ile ile. Jeni hiyo isipoonekana, hakuna ngozi ya mtu kwenye kijiti, na "hasi" ya kirusi haina uzito wowote.

Niliomba picha ya skrini ya kipimo cha kwanza. Mstari wa binadamu ulikuwa umelala hadi mzunguko wa 40. Maabara ilipaswa kuandika "rudia"; iliandika "hasi".

"Dada," nikamwambia, "chukua upya. Usipanguse juu juu. Sugua kipele chenyewe kwa nguvu, vipele viwili au vitatu, kila kimoja na kijiti chake. Usitie maji. Barafu mpya."

Sampuli ya pili ilifika siku ya Alhamisi. Mstari wa binadamu ulipanda mzunguko wa 24. Wa mpox ulilala mpaka mwisho. Tulipobadilisha praima na kutafuta kirusi cha tetekuwanga, mstari ukainuka mzunguko wa 17. Nikampigia muuguzi amwambie mama amkate mtoto kucha asijikune, na amweke mbali na shangazi yake mwenye mimba.