Taa za basi la parokia: tuanze na ethi



Basi letu kuukuu la Hale lilifikia hatua ya kutisha: dereva akiwasha indiketa, taa za nyuma zinafifia, na barabara ya Segera hadi Tanga ina malori mengi usiku. Kamati ilikwisha kubali kununua betri mpya. Tuliomba tupime kwanza.

Kwenye gari umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kupitia bodi. Kutu ikishika pale waya wa ethi unapofungwa, umeme hutafuta njia kupitia taa ya jirani.

Kipimo ni rahisi. Unganisheni ganda la taa na hasi ya betri kwa waya mnene. Taa iking'aa, kosa ni ethi: fungueni nati, sugueni kwa msasa hadi chuma kionekane, kazeni, pakeni grisi.

Kwetu iling'aa. Ila kwenye sanduku la fyuzi tulikuta kipande cha waya wa shaba badala ya fyuzi. Hitilafu ikitokea, fyuzi hukatika. Waya huo haukatiki, bali nyaya za ndani huungua, abiria wakiwamo. Fedha za betri zimenunua fyuzi.