Saa Ivaliwe Vipi Mkononi Ili Kilomita Ziwe za Kweli?

Katika nyumba zetu hapa Vällingby na mitaa ya jirani, saa za kukimbilia zimekuwa kitu cha kawaida. Wazee huzivaa wanapotembea baada ya chakula cha mchana, vijana huzivaa mazoezini, na jamaa walioko Dar es Salaam, Mombasa na Muscat hutumiana hesabu za mwendo wao kila Jumapili. Baadhi ya koo zimekwenda mbele zaidi: zimekubaliana kwamba kwa kila kilomita aliyotembea, mtu atatoa krona moja, na fedha hizo ziende kwenye karo za watoto walioko nyumbani. Ni mpango mwema, maana unajenga afya na unasaidia ukoo kwa wakati mmoja.

Lakini penye hesabu hapakosi maneno. Ndugu wawili hutoka pamoja, huzunguka msitu wa Grimsta pamoja, hurudi pamoja. Na hata hivyo saa ya mmoja husema kilomita 10, ya mwenzake kilomita 10.4. Huanza kama utani, kisha utani hugeuka shutuma: huyu anajiongezea apate sifa, yule anajipunguzia asilipe. Ndugu wasomaji, kabla ya kumshuku jamaa yako, tazama kwanza saa yake ameivaaje.

Saa hujuaje mahali ulipo?

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kila moja hutuma mawimbi ya redio yanayotaja saa kamili yalipoondoka. Saa iliyoko mkononi hupima muda uliopita tangu hapo, ikajua umbali wake kutoka kila setilaiti. Huhitaji angalau setilaiti nne ili ijue mahali ilipo pamoja na wakati sahihi. Mawimbi hayo hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300.

Sasa, mawimbi yanapofika chini yamekwisha kuwa dhaifu mno. Nguo kavu huyapitisha bila taabu, lakini mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyazuia. Hapo ndipo namna ya kuvaa inapoingia. Saa inataka kuona anga, na kizuizi kilicho karibu nayo kuliko vyote ni mwili wa mwenyewe aliyeivaa.

Juu ya mkono au ndani ya mkono?

Wengi wa kina mama na wazee wetu wamezoea tangu zamani kuvaa saa uso ukiwa upande wa ndani wa mkono, pale mshipa unapopiga. Kwa saa ya kawaida hakuna ubaya. Kwa saa ya setilaiti, ni mahali pabaya. Mkimbiaji akikunja mkono, kidole gumba huwa juu. Saa iliyovaliwa nje hutazama pembeni, ikaona nusu nzima ya anga, lakini iliyovaliwa ndani hutazama mbavu. Anayetembea mikono ikining'inia, saa ya ndani hutazama paja lake. Anayesukuma kigari cha mtoto au kigari cha kutembelea wazee, saa ya nje hutazama juu moja kwa moja, na hapo ni mahali pazuri kuliko pote. Ya ndani hutazama lami.

Wakati wa baridi kuna desturi nyingine, nayo ni kutia mikono mfukoni. Kitambaa cha koti si tatizo. Tatizo ni kwamba saa imebanwa kati ya mkono na tumbo. Wako wanaoivaa juu ya mkono wa koti. Setilaiti huonekana vizuri, ila kipimo cha mapigo ya moyo hakitafanya kazi, kwa kuwa lazima kiguse ngozi. Aliyeshauriwa na daktari kuangalia moyo wake asifanye hivyo. Na aivae saa juu kidogo ya kifundo, ikaze bila kuumiza.

Mkono wenyewe nao hautulii. Mwili unakwenda mbele kwa mwendo mmoja, lakini mkono huenda mbele na kurudi nyuma kwa kila hatua. Programu ya saa hujitahidi kulainisha mtikisiko huo. Ikipata mawimbi safi hufaulu. Ikipata machafu, njia iliyonyooka huchorwa kama nyayo za mlevi, na kila kona ya bure huongeza mita. Kinyume chake pia hutokea: saa ikichukua vipimo kwa nadra ili kutunza betri, hukata kona za kweli na kupunguza mita. Ndiyo maana saa mbili zaweza kukosea, moja ikizidisha na nyingine ikipunguza.

Anga la Stockholm si anga la Zanzibar

Njia za setilaiti za GPS zimeinama digrii 55 kutoka ikweta, kwa hiyo hazivuki digrii 55 kaskazini wala kusini. Zanzibar iko digrii 6 tu kusini mwa ikweta, na huko setilaiti huonekana pande zote. Sisi hapa tuko digrii 59 kaskazini. Kwetu, upande wa kaskazini una eneo kubwa la anga ambalo setilaiti hizo hazipiti kamwe. Nyingi huonekana mashariki, kusini na magharibi.

Chukua mtu aliyevaa saa mkono wa kushoto. Akitoka Vällingby kuelekea Hässelby, yaani magharibi, mkono wake wa kushoto uko upande wa kusini, na mwili wake unaziba kaskazini pasipo na kitu kikubwa cha kukosa. Akirudi mashariki, mwili unasimama kati ya saa na kusini penye setilaiti. Kwa hiyo mke na mume, mmoja na saa kushoto na mwingine kulia, wanaweza kupata michoro tofauti katika njia ile ile. Dawa mojawapo ni kuiruhusu saa itumie pia setilaiti za Urusi ziitwazo GLONASS, ambazo hufika karibu digrii 65 kaskazini. Saa nyingi za siku hizi zina uwezo huo. Tafuta tu kwenye mipangilio yake.

Kuvaa vizuri hakutoshi kama umeanza vibaya. Usibonyeze kitufe cha kuanzia ukiwa chini ya paa la kituo cha treni, wala kando ya ukuta wa ghorofa, maana mawimbi hugonga ukuta na kufika yamechelewa, na saa hudhani uko mbali zaidi. Simama mahali pa wazi dakika moja au mbili, saa ikuambie kwamba iko tayari.

Kipimo cha kweli ni kipi?

Mtanzania Agapius Masong aliposhinda Stockholm Marathon mwaka 1984, na Suleiman Nyambui alipoishinda mwaka 1988, hapakuwa na saa za namna hii. Garmin walianza kuuza Forerunner mwaka 2003. Hata leo marathoni ya kilomita 42.195 haipimwi kwa setilaiti. Hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, kwa njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kupita, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Kwa hiyo mkimbiaji ambaye saa yake inasema 42.6 hana haki ya kuwalaumu waandaaji.

Nanyi mwaweza kufanya jaribio kama hilo. Nendeni uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400. Tembeeni mizunguko kumi katika njia ya kwanza, karibu na ukingo wa ndani. Hizo ni kilomita 4. Fanyeni mara moja saa ikiwa nje ya mkono, mara ya pili ikiwa ndani, mara ya tatu mkono mwingine. Andikeni majibu. Watoto watapenda kazi hiyo, na kila mmoja ataijua tabia ya saa yake.

Kwa zile koo zenye mpango wa krona, shauri letu ni jepesi. Kubalianeni wote kuvaa saa upande wa nje wa mkono. Chagueni njia moja, mkubaliane urefu wake mara moja kwa mwaka, na kila aliyeipita ahesabiwe urefu huo, saa yake iseme itakavyo. Haba na haba hujaza kibaba, nazo mita chache za kila siku huwa kilomita nyingi mwisho wa mwaka. Lakini krona kumi za tofauti hazistahili kuwafanya ndugu wasisalimiane. Karo ya mtoto hailipwi na saa, hulipwa na wenye kuaminiana.

Tunawatakia nyote mwaka wa afya na miguu mepesi.