Masika na Mafuta ya Gari: Tupime Kwanza Kabla ya Kumhukumu Dereva

Ndugu msomaji, hebu fikiri jambo hili. Kikundi chenu kina pikapu. Wakati wa kiangazi pikapu hiyo ilikwenda mnadani na kurudi kwa lita 8 za petroli. Sasa mvua zimeanza. Njia ni ile ile, dereva ni yule yule, na mzigo ni magunia yale yale ya dagaa. Lakini dereva anadai lita 11. Mtasema nini?

Kikundi kimoja nilichokuwa nakifundisha hesabu, huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, kilisema mara moja: "Dereva anatuibia." Wakapiga hesabu. Lita 3 zaidi kwa kila safari, safari 3 kwa wiki, ni lita 9. Kwa wiki 4 ni lita 36. Lo! Hayo ni mafuta ya safari nne na zaidi.

Kikao kikaitwa. Dereva akasimama mbele ya watu akasema, "Wazee wangu na mama zangu, ni masika tu." Watu wakaguna. Nakiri kwamba hata mimi, mwalimu wao, niliguna moyoni. Mtu huyo ana watoto wanne, na siku ile alikuwa karibu kupoteza kazi na jina lake.

Aliyetuokoa ni mama mweka hazina. Yeye alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na daftari la mafuta lilikuwa mikononi mwake. Akalifungua akasema, "Humu nimeandika lita na fedha. Sikuandika kilomita, wala hali ya njia. Tutamfukuzaje mtu kwa daftari nusu?"

Basi tukakubaliana kupima kwanza. Lakini kabla ya kueleza tulichokipata, tujifunze jinsi baridi na mvua zinavyoongeza matumizi ya mafuta.

INJINI YA BARIDI

Petroli haiungui vizuri ikiwa matone. Inaungua vizuri ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa ya moto, petroli hugeuka mvuke upesi. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya petroli hubaki matone. Kwa hiyo injini lazima ipewe petroli nyingi zaidi ndipo iwake. Katika magari ya zamani dereva alivuta choki. Katika magari ya siku hizi kompyuta ndogo iliyomo ndani ya gari hufanya kazi hiyo yenyewe. Ni kama kuwasha jiko asubuhi: unatumia vijiti vingi mpaka moto ukolee.

Tena kuna oili. Sisi wa Kigoma tunayajua mawese. Asubuhi ya baridi mawese huganda, lakini ukiyapasha moto yanatiririka. Oili ya injini haigandi hivyo, ila baridi huifanya iwe nzito. Vyuma vya injini vikizunguka ndani ya oili nzito vinatumia nguvu zaidi. Nguvu hiyo inatoka kwenye mafuta.

Injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yake yanapofikia joto la nyuzi 90 hivi. Ukienda safari fupi, kama kutoka mwalo wa Kibirizi mpaka mjini Kigoma, unaweza kufika kabla injini haijapata moto sawasawa. Ukizima, ikapoa, ukawasha tena, unaanza upya. Safari fupi nyingi hula mafuta kuliko safari moja ndefu ya kilomita zile zile.

Katika nchi za baridi kali jambo hili ni kubwa. Serikali ya Marekani inawaeleza wananchi wake kwamba hewa ikishuka kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la petroli mjini huenda umbali pungufu kwa asilimia 15 hivi kwa mafuta yale yale. Katika safari fupi sana upungufu unaweza kufika asilimia 24.

Je, kwetu kuna baridi ya namna hiyo? Hakuna. Ujiji na Kigoma mjini ni mahali pa joto. Baridi ya kutetemeka iko juu vilimani, Kalinzi na Manyovu, hasa alfajiri za mwezi wa Juni na Julai. Na wakati huo ni kiangazi, njia ni kavu. Kwa hiyo kwetu baridi inakula mafuta kidogo tu. Mlaji mkubwa ni mwingine.

TOPE

Mlaji huyo ni tope. Mwenye baiskeli analijua jambo hili bila kufundishwa. Juu ya lami, baiskeli yenye mkungu wa ndizi inakwenda. Ukiingia kwenye tope, unashuka na kusukuma, na jasho linakutoka. Mzigo haukuongezeka. Njia ndiyo iliyobadilika.

Gari nalo hutoka jasho, na jasho la gari ni petroli. Tairi linazama. Kila hatua ni kama linapanda kilima kidogo cha tope kilicho mbele yake. Dereva anarudi gia ya pili, kisha gia ya kwanza. Katika gia ya kwanza injini inazunguka mara nyingi, lakini gari linakwenda hatua chache. Mara nyingine tairi linateleza na kuzunguka pale pale. Hapo mafuta yanaungua, na gari halijasogea hata mita moja.

Ongeza na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Magunia yakilowa, turubai likijaa maji, tope likiganda chini ya gari, mzigo unaongezeka bila mtu kuupakia.

UPEPO WA MATAIRI

Hewa ikipoa, husinyaa. Kwa kila nyuzi 6 hivi za joto zinazopungua, upepo wa tairi hushuka kwa paundi 1 hivi. Ukijaza upepo mchana wa jua kali, alfajiri ya baridi utakuta umepungua paundi 2 au 3. Tairi laini hujibonyeza chini na kuwa zito kuzunguka.

Tena madereva wengi hupunguza upepo kwa makusudi ili gari lisiteleze kwenye tope. Hilo husaidia kutoka mahali pabaya. Kosa ni kurudi kwenye lami na kusahau kujaza. Tairi linachakaa, na mafuta yanapotea kilomita zote zinazobaki.

TULIVYOPIMA

Safari ya mnadani ilikuwa kilomita 80 kwenda na kurudi. Kilomita 50 ni lami. Kilomita 30 ni njia ya udongo, kwenda na kurudi.

Siku ya kwanza tulijaza tenki mpaka juu kabisa. Gari likaenda na kurudi juu ya lami tu, na mzigo wake. Tukarudi kwenye pampu ile ile na kujaza tena mpaka pale pale. Zikaingia lita 5 na nusu. Wakati wa kiangazi tungetarajia lita 5. Tofauti ni ndogo.

Siku ya pili gari lilikwenda safari nzima, na mama mweka hazina akakaa mbele karibu na dereva. Tulipojaza, zikaingia lita 10 na nusu. Sasa toa:

10½ – 5½ = 5.

Yaani kilomita 30 za tope zilikula lita 5. Wakati wa kiangazi kilomita hizo zilikula lita 3. Watu wakatazamana. Mwizi wa mafuta huiba popote, juu ya lami na kwenye udongo. Lakini hapa mafuta yaliongezeka hasa pale palipokuwa na tope.

Bado kulikuwa na nusu lita. Dereva alikuwa akidai 11, na sisi tulipata 10 na nusu. Mama mweka hazina akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nusu hii je?" Dereva akasema kweli. Kila wakati wa kupakia alikuwa akiacha injini inanguruma karibu saa nzima. Kwa nini? Betri ilikuwa imechoka. Aliogopa kuzima kwenye mvua, gari lisiwake tena. Siku ya kupima alizima kwa sababu alikuwa ameahidiwa watu wa kusukuma.

Na ile betri? Dereva alikwisha omba mpya mara mbili, na kamati ikasema ngoja kwanza. Kumbe tulikuwa tunainunua betri hiyo kila wiki, nusu lita kwa nusu lita, bila kuipata.

Mwisho tukapima upepo. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa laini. Tukayajaza, betri ikanunuliwa, na safari iliyofuata kwenye njia ile ile ya tope ilikula lita 10. Kwa hiyo lita 3 tulizokuwa tunamdai dereva ziligawanyika hivi: lita 2 ni za masika, lita 1 ni ya uzembe wetu sisi sote. Ya wizi haikuonekana. Mwenyekiti alimwomba radhi dereva mbele ya kikao kile kile kilichomshtaki. Mimi nilimwomba radhi peke yangu, nje.

TUFANYE NINI?

1. Andika katika daftari kila safari: tarehe, kilomita, lita, mzigo, na hali ya njia. Neno moja tu linatosha: "kavu" au "tope".

2. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Kiasi kinachotakiwa mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva. Soma mwenyewe.

3. Asubuhi usiache injini ingurume dakika kumi na tano ati ipate moto. Subiri nusu dakika, kisha ondoka polepole. Injini hupata moto upesi zaidi gari likitembea.

4. Gari likisimama kwa muda, zima injini. Ikiwa betri ni mbovu, tengenezeni betri.

5. Funika mzigo kabla ya mvua, na ondoa tope chini ya gari.

6. Ukiteremka kutoka Kalinzi au Manyovu, usitoe gia ili gari liserereke lenyewe. Ni hatari, zaidi kwenye lami iliyolowa, kwa sababu breki peke yake inabeba uzito wote. Tena magari mengi ya siku hizi, yakiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, hukata petroli yenyewe. Kwa hiyo huokoi kitu.

7. Kama mnaweka petroli au dizeli kwenye pipa, msilisimamishe kwenye mvua. Maji hukaa juu ya kifuniko na kuvutwa ndani pipa linapopoa usiku. Liwekeni chini ya paa, mbali na moto, wala si ndani ya nyumba ya kulala.

Masika hatuwezi kuyazuia, wala hatutaki kuyazuia, kwa maana mihogo na maharage yetu yanayategemea. Tunachoweza ni kujua gharama yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kile kilijifunza kwamba hata jina jema la mtu linaweza kupotea hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini injini ya baridi hutumia petroli nyingi?

2. Gari lilikwenda kilomita 60 kwa lita 6 wakati wa kiangazi. Masika lilitumia lita 8 kwenye njia hiyo hiyo. Lilikwenda kilomita ngapi kwa lita moja kila wakati?

3. Katika kikundi chenu, ni daftari gani ambalo bado ni "daftari nusu"? Ni jambo gani halijaandikwa humo?