Shule ya Upili ya Alliance na Chimbuko la Tamthilia ya Kiswahili

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Tamthilia ya Kiswahili inapotajwa, fikra za wengi hukimbilia Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein. Ni wachache wanaoikumbuka shule moja ya bweni iliyoko Kikuyu, karibu na Nairobi.

Shule ya Upili ya Alliance ilifunguliwa Machi 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, nao ndio ulioipa jina. Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge, aliiongoza kuanzia 1940 hadi 1962. Maisha ya shule yalitawaliwa na nidhamu, sala, michezo na mitihani. Kiingereza kilikuwa lugha ya masomo na ngazi ya kupandia vyeo, na kila mwaka wanafunzi waliigiza mchezo wa Shakespeare. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kati ya 1955 na 1958, alisimulia jinsi alivyorejea nyumbani likizo ya kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa wakati wa Hali ya Hatari.

Ni katika mazingira hayo ambapo wanafunzi walianza kutunga na kuigiza michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda, Lakini..., iliyochapishwa mwaka 1957. Wengine waliofuata ni Kimani Nyoike (Maisha ni Nini), Gerishon Ngugi (Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi) na B. M. Kurutu (Atakiwa na Polisi). Majina yenyewe yadokeza mada: mapenzi, maisha, uchawi na mkono wa sheria.

Yawezekana kudai kwamba michezo hiyo ni mepesi, na kwamba haikuukabili ukoloni ana kwa ana. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi kuifuta. Watunzi hao walikuwa vijana wa bara, ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya mama wala hakikuwapa cheo. Walikichagua kwa sababu walitaka kueleweka na watu wa kawaida nje ya lango la shule. Shakespeare aliwafunza jukwaa. Hadhira waliitafuta wenyewe.

Mhakiki anayeanza historia ya tamthilia yetu mwaka 1969 anasifu jahazi na kuwasahau waliochonga mbao zake za kwanza.