Woga Si Hakimu

Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hatumcheki mtu huyo, kwani jeraha lake ni la kweli. Lakini je, tumruhusu achome mikeka yote ya kijiji?

Tutazame njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Tuseme mchuuzi mmoja amenyang'anywa baiskeli yake na mafuta ya mawese asubuhi. Adhuhuri habari imefika sokoni: wanyang'anyi walikuwa watano. Jioni wamekuwa ishirini, na mchuuzi amekwisha kufa, ingawa yu hai nyumbani kwake. Usiku ule vijana wanatwaa mapanga, na ole wake mgeni apitaye asiyejulikana!

Hatusemi kwamba woga huo hauna sababu. Upande wa Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, watu wenye silaha waliwateka wafanyakazi wa machimbo ya dhahabu ya Namoya mwaka 2017, na tena mwaka 2019. Mama wa huko aogopaye kumtuma mtoto shambani si mjinga.

Hatari yaanza pale woga unapoketi katika kiti cha hakimu. Jambo hilo lilionekana Kinshasa. Mwezi wa Novemba 2013 polisi walianza operesheni iitwayo Likofi, ili kuwaondoa vijana wahalifu waitwao kuluna, walioogopwa sana na wenyeji. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2014 kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 walitoweka. Miongoni mwao walikuwamo wasio kuluna kamwe. Je, woga ulikwisha? Miaka kumi baadaye, tarehe 13 Machi 2024, waraka wa Waziri wa Sheria uliruhusu tena kutekeleza adhabu ya kifo, iliyokuwa imesimamishwa tangu mwaka 2003. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa ujambazi ule ule wa mijini. Damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na ugonjwa haukupona.

Wengine watasema: Basi, tufuate hesabu. Ni shauri jema, na Kasongo yajua faida yake. Katika miaka ya 1970, waganga walioshirikiana na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, waliwafuata watoto wa hapa, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, wakahesabu wangapi waliishi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1981 na kusomwa mbali. Kila mama aliiogopa surua. Waganga hawakumdharau, lakini kabla ya kutoa shauri walihesabu.

Walakini hesabu ya uhalifu nayo yaweza kudanganya. Kijiji kikiwa mwendo wa siku mbili toka ofisi ya polisi, aliyeibiwa haendi kushitaki. Kitabu chabaki kitupu, na mkubwa akisomaye husema: Huko kuna amani. Tena, watu wa nchi yetu hawajahesabiwa wote tangu mwaka 1984. Nani basi atajua kama wizi kumi ni mwingi au ni haba, asipojua mahali pale wanakaa watu wangapi? Pale ambapo hakuna aliyeandika, woga wa watu ndio shahidi pekee. Shahidi na asikilizwe, aulizwe maswali. Hukumu si kazi yake.

Tufanyeje, ndugu wasomaji? Kwanza, kabla ya kupeleka habari mbele, tuulize: Nani aliona? Wapi? Siku gani? Pili, katika kila kijiji mzee wa kijiji na mtu mmoja ajuaye kuandika washike daftari. Waandike tarehe, mahali na kitu kilichoibwa, bila kumtaja mtu kuwa mwizi kwa sababu ya uvumi tu. Wanafunzi, kalamu mnayo. Wasaidieni wazazi wenu. Tatu, daftari hilo lipelekwe kwa wakubwa wa Kasongo na Kabambare, nao waombwe kutuma askari mahali palipoandikwa, si mahali penye makelele mengi.

Na yule mgeni apitaye usiku? Aulizwe jina lake na atokako, apewe maji, asubuhi aendelee na safari yake.